Ukimtembeza mtafiti mgeni Mombasa mwezi wa Ramadhani

Mwaka 2017 nilipata kazi ya kumtembeza mtafiti kutoka Ujerumani aliyekuja Mombasa kuchunguza siasa. Mfungo ulianza mwishoni mwa Mei, siku zile zile kampeni zilipofunguliwa, na uchaguzi ulikuwa Agosti 8. Wewe unayepata kazi kama hii leo, usirudie makosa yangu.

Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, awe nacho kabla hujambishia mtu mlango. Hilo halina mjadala.

Kosa langu kubwa lilikuwa saa. Nilimpeleka kwa shangazi yangu, Kibokoni, baada ya alasiri, wanawake wameinamia mbaazi na kaimati, naye akatoa daftari akauliza watampigia nani kura. Wote wakanyamaza, ukasikika mlio wa mafuta karaini tu. Shangazi ndiye aliyemwokoa: "Ndoo, mwanangu, ndoo unikunie nazi." Mgeni akaketi juu ya mbuzi, akakuna nazi tatu kwa taabu, na kabla ya adhana ya magharibi mazungumzo yalikuwa yameanza yenyewe. Reli mpya ilikuwa imezinduliwa wiki hiyo, Mei 31, na wanawe shangazi ni madereva wa malori ya bandarini. Makontena yakipanda treni, wao watakula wapi? Kutoka hapo wakaingia kwenye ardhi: nyumba ya babu kule Kisauni, iliyojengwa kwenye shamba la mtu ambaye hawajapata kumwona, na hatimiliki zinazoahidiwa kila uchaguzi. Yote aliyoyafuata mgeni yalisemwa jioni ile, na hakuna aliyetaja mgombea.

Wanaume wawekee miadi baada ya tarawehe, kwenye baraza, kahawa ikishamiminwa. Asubuhi usimsumbue mtu, wengi wamelala baada ya daku na alfajiri.

Jambo jingine ni tende. Wagombea waligawa tende, sukari na unga mtaani, na mgeni akaandika "hongo". Nilimwomba arudi kumuuliza shangazi kwanza. Jibu lake nalikumbuka: "Tende nimefuturia, dua nimemwombea. Kura yangu hakuileta yeye." Kupokea futari kwetu ni kumpa mtoaji nafasi ya thawabu, hata kama nia yake unaijua. Mtafiti asiyelielewa hilo atawaandika watu wazima kama bidhaa, na wewe uliyemleta ndiye utakayebaki mtaani kuulizwa.

Kumi la mwisho, punguza miadi. Biashara Street hakupitiki, mafundi cherehani wanakesha, akina mama wanafua mapazia na kuagiza halwa. Na usiweke miadi yoyote tarehe 29 au 30 ya mfungo. Mimi niliweka. Jioni ile kila mtu alikuwa akingojea tangazo la Kadhi Mkuu kama mwezi umeandama, na wapo waliokuwa wameshafuata mwandamo wa Saudia, kwa hivyo nyumba moja huweza kuwa na Idi mbili. Akikuuliza yupi yuko sahihi, mwambie ukweli: hilo si lako wala lake kuamua, na ubishi wake ni wa zamani.

Siku ya Idi mpeleke uwanja wa Makadara akaone watoto na bembea, kisha mpitishe nyumba zote zilizompokea. Awe na noti ndogo ndogo mpya za mkono wa Idi kwa watoto. Daftari na kinasa sauti vibaki chumbani. Shangazi alimfunga leso siku ile, akamkalisha karibu yake.