Yaeli si ndugu wa Yoeli

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunatarajia mtoto wa kike mwezi ujao na tumelipenda jina la Yaeli. Nimesoma kwamba maana yake ni "Yehova ni Mungu", kama Yoeli. Mama mkwe hataki hata kulisikia, anasema ni jina la muuaji. Nani yuko sahihi? – Baba mtarajiwa, Dodoma

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongereni. Hapo masikio yamekudanganya. Yoeli, Danieli na Samweli wanaishia na El, yaani Mungu, linaloandikwa kwa herufi ya Kiebrania iitwayo alefu. Yaeli lina ayini, ile sauti ya kooni inayoanza jina la Ali kwa Kiarabu. Mwalimu wangu wa Kiebrania alitusimamisha ubaoni tuitamke. Mimi ilinichukua wiki nzima, na koo likanikauka.

Yaeli ni mbuzi-mwitu, yule wa majabalini mwenye pembe ndefu zenye vifundo, zilizopinda kwenda mgongoni. Waarabu humwita waal. W kugeuka Y si ajabu: mtoto kwa Kiarabu ni walad, kwa Kiebrania ni yeled. Hadi leo mbuzi hao hukwea magenge ya Engedi, kando ya Bahari ya Chumvi, kule kule Sauli alikomsaka Daudi. Na katika Mithali 5:19, mke wa ujana hufananishwa na jike la mnyama huyo. (Usimwite mkeo mbuzi kabla hujamsomea mstari wenyewe.)

Mama mkwe naye ana lake. Sisera, jemadari wa maadui wa Israeli mwenye magari ya chuma 900, alifika hemani kwa Yaeli akikimbia kwa miguu. Aliomba maji, akapewa maziwa, akafunikwa, akalala fofofo. Kigingi kikapita panjani mpaka kikagota ardhini. Kila nikiisoma Waamuzi 4, yale maziwa hunisisimua kuliko nyundo. Lakini katika sura inayofuata, wimbo wa nabii Debora na Baraka, walioongoza Israeli vitani dhidi ya Sisera, unamtaja Yaeli kuwa mbarikiwa kuliko wanawake. Muulize mama, kwa upole, kama na jina la Debora analikataa. Hilo maana yake ni nyuki, na wote wawili walikuwa upande mmoja.

Mkikubaliana, chagueni tahajia moja, Yaeli au Yael au Jael, na iwe hiyo hiyo kwenye cheti cha kuzaliwa, cha ubatizo na shuleni. Mimi nina vyeti vya Yeremia, Jeremia na Jeremiah, na viapo viwili vya mahakamani kuthibitisha kwamba wote watatu ni mimi.