Meza Kwanza, Kitanda Baadaye: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Hoteli Ndogo za Kifahari Nchi za Nje

Barua za mwezi huu karibu zote zinazunguka jambo moja. Msafiri amejiwekea akiba kwa miaka, na sasa anataka kulala siku mbili tatu katika hoteli ndogo ya kifahari yenye haiba yake na jiko la kusifika. Ataichaguaje hali yuko bado nyumbani? Mifano yangu mingi ni ya Ufaransa, kwa kuwa ndiko nilikolala na kula zaidi, ila barua mbili zimenipeleka Morocco na Hispania.

Kila hoteli mtandaoni sasa inajiita ndogo, ya kipekee na yenye haiba. Nitaijuaje iliyo ya kweli? (Msomaji, Nairobi)

Jina hilo la hoteli za "butiki" lilishika mwaka 1984, Steve Rubell na Ian Schrager walipofungua Morgans mjini New York. Rubell aliifananisha hoteli yao na butiki, yaani duka dogo ambalo kila nguo imechaguliwa kwa jicho la mwenye duka, tofauti na duka kubwa linalomuuzia kila mtu kila kitu. Tangu hapo jina limeenea mno, hata kampuni zenye mamia ya hoteli zimelichukua, na leo halikuambii lolote kuhusu utakachokikuta.

Kwa hiyo mimi huziacha kwanza picha za vyumba, nikafungua orodha ya vyakula. Orodha fupi, yenye tarehe au msimu wake, inayotaja mkulima wa mboga au bandari alikotoka samaki, hutoka kwa mpishi anayekwenda sokoni mwenyewe. Orodha yenye vyakula sitini, pizza pembeni ya bata na sushi pembeni ya pizza, hutoka kwenye friji. Kisha hutafuta jina la mwenye nyumba. Hoteli yenye haiba ina mtu nyuma yake, na mtu huyo hana haya kujitaja. Vyumba navyo visifanane: nyumba ya zamani haina vyumba ishirini vyenye kipimo kimoja, na bei zake hutofautiana kwa sababu zinazoelezeka.

Baada ya hapo hupiga simu, hata kama Kifaransa changu ni cha kuombea maji. Niliwahi kupigia nyumba moja katika bonde la Mto Rhône nikauliza chumba kipi ni kitulivu. Mama aliyepokea hakuniambia kwamba vyote ni vizuri. Alisema chumba namba 4 kinatazama bustani ya mboga lakini kengele ya kanisa hulia saa moja asubuhi, na namba 7 hakisikii kengele ila Julai kina joto kwa sababu kiko chini ya paa. Nilichukua namba 4. Saa moja kamili kengele ililia, nikafungua dirisha, nikamwona kijana wa jikoni amechuchumaa kwenye umande akichuma maua ya maboga na kuyapanga kwenye sinia moja moja, bila kuyalundika. Usiku ule niliyala yakiwa yamejazwa jibini la mbuzi. Anayekutajia kasoro za chumba chake kwa simu huwa anakijua, na ndiye wa kumpa fedha zako.

Hoteli niliyoipenda ina mgahawa wenye nyota ya Michelin. Je, hoteli nzima imepimwa? Na kwa nini kampuni ya matairi ihukumu chakula? (Msomaji, Dodoma)

Nyota ni ya jiko peke yake. Haisemi neno juu ya godoro, maji ya moto wala ukimya wa usiku. Tangu mwaka 2024 Michelin inatoa pia funguo, moja hadi tatu, kwa ajili ya malazi. Soma alama zote mbili, kwa kuwa nyumba inaweza kuwa na moja bila nyingine.

Swali lako la pili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa sababu jibu lake linaeleza kwa nini nyumba hizi zipo. Mwongozo wa Michelin ulitolewa mara ya kwanza mwaka 1900, wakati magari yalikuwa machache Ufaransa, ili wenye magari wasafiri zaidi na matairi yaishe. Nyota zilianza mwaka 1926, na ngazi za moja hadi tatu zikafuata mwaka 1931. Tazama maana zake: nyota moja ni jiko linalostahili kusimama, mbili ni linalostahili kuiacha njia yako, tatu ni linalostahili safari yenyewe. Yote ni maneno ya barabarani. Majiko makubwa yalipangana kando ya Nationale 7, barabara iliyotoka Paris kuelekea pwani ya kusini, na mgeni aliyekaa mezani kwa muda wa saa tatu huku akinywa mvinyo hakufaa kushika usukani usiku huo, hivyo mwenye jiko alifanya vyema kuwa na vitanda. Umoja wa hoteli na migahawa wa Relais & Châteaux nao ulizaliwa mwaka 1954 kwa nyumba nane zilizokuwa kwenye njia ya Paris hadi Nice.

Mfano wangu wa daima ni Maison Pic mjini Valence. Sophie Pic alikuwa na nyumba ya wageni vilimani mwaka 1889. Mwanawe André alipata nyota tatu mwaka 1934, na miaka miwili baadaye akahamia Valence, kando ya barabara hiyo hiyo. Baada yake nyota zilipungua, mwanawe Jacques akazirejesha zote tatu mwaka 1973; alipofariki ikapotea tena moja, na binti yake Anne-Sophie akaipata upya mwaka 2007. Leo pana vyumba, lakini kinachokusafirisha ni vizazi vinne vya watu waliosimama mbele ya jiko. Ninapochagua nyumba yoyote huuliza kilichotangulia kati ya meza na kitanda, na sijawahi kujutia ile ambayo meza ilitangulia.

Niweke nafasi ya chumba kwanza au ya meza? (Msomaji, Mwanza)

Meza. Nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nililipia usiku mmoja katika nyumba ya mashambani ambayo sitaitaja, nikabadilisha treni mara mbili, nikafika Jumatatu alasiri na njaa ya makusudi. Jiko lilikuwa limefungwa. Taa zilikuwa zimezimwa, viti vimepinduliwa juu ya meza, na binti wa mapokezi, kwa upole kabisa, akaniletea chumbani mkate na jibini chini ya kitambaa. Hakuna aliyenidanganya, ila hakuna aliyeniambia.

Majiko mengi ya daraja hilo Ufaransa hufungwa siku mbili kwa wiki, mara nyingi kati ya Jumapili jioni na Jumanne, na hufunga tena kwa wiki kadhaa za likizo Januari au Agosti, huku vyumba vikiendelea kuuzwa kama kawaida. Hivyo uliza meza ya usiku unaoutaka, upate jibu kwa maandishi, ndipo uchukue chumba. Sisi wenye pasipoti za Afrika Mashariki tuna sababu nyingine ya kupanga mapema: maombi ya viza ya Schengen, ile ya kuingilia Ufaransa na Hispania, hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na huambatanishwa na uthibitisho wa malazi na bima ya matibabu ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Chagua bei ya chumba inayoruhusu kufuta bila kutozwa hadi viza itoke mkononi, hata ikizidi kidogo.

Sisi ni Waislamu. Tunapenda chakula kizuri, lakini hatuli nguruwe wala nyama isiyochinjwa kihalali, na hatugusi kileo. Meza za namna hii zinatuhusu? (Mtu na mkewe, Mombasa)

Zinawahusu, ndugu zangu, lakini kazi ifanyike kabla ya kupanda ndege. Katika mapishi ya Kifaransa kinachoonekana kwenye sahani si chote kilichomo. Supu ya mifupa inayochemshwa kwa saa nyingi ndiyo msingi wa michuzi mingi, na mara kwa mara hutiwa mvinyo. Samaki mweupe asiye na hatia humwagiwa mchuzi wa siagi ulioanza kwa mvinyo na siki vilivyokaushwa na vitunguu. Vitamutamu vingi hugandishwa kwa jelatini, ambayo huweza kuwa ya nguruwe, na vingine huloweshwa ramu. Hata kuku wa Bresse, ambaye jina lake linalindwa kisheria tangu mwaka 1957, kwa kawaida hachinjwi kihalali.

Usiandike neno "halali" peke yake ukaona umemaliza, maana mpishi anaweza kulielewa kuwa ni kutokula nguruwe tu. Andika wiki moja kabla, kwa sentensi nyepesi: hatuli nyama wala ndege, tunakula samaki, mayai na mboga, hatutumii mvinyo hata ndani ya mchuzi, wala jelatini ya mnyama. Mpishi mwenye heshima akipewa muda hulichukua jambo hilo kwa moyo. Akiambiwa mezani huku jiko limejaa, atawaondolea vitu kwenye sahani bila kuweka vingine. Ulizeni pia vinywaji visivyo na kileo vinavyopangwa kuendana na kila sahani, kwa kuwa siku hizi nyumba nyingi huandaa maji ya matunda na chai kwa uangalifu ule ule.

Ikiwa kwenu karamu haijakamilika bila nyama, nendeni Marrakech. Riadi za mji mkongwe zitawafanya mjione mko Lamu: ukuta mtupu upande wa kichochoro, na uzuri wote umegeukia ndani, kwenye ua. Kwa maana yake hasa, riadi ni nyumba yenye bustani katikati, na ile yenye ua usio na bustani huitwa dar, ingawa matangazo huziita zote riadi. Nyama huko ni halali kwa desturi ya nchi, lakini nyumba kadhaa huuza kileo kwa wageni, basi ulizeni kama jambo hilo linawakwaza. Ombeni tanjia, nyama iliyofungwa kwenye chungu kirefu na kuivishwa taratibu ndani ya majivu ya tanuri la hamamu.

Na kuna neno moja litakalowagusa. Wapishi wanawake wa nyumba kubwa za Morocco huitwa dada. Historia ya jina hilo ina majonzi, kwa kuwa wengi wao zamani walikuwa wanawake waliofanywa watumwa kutoka kusini mwa Sahara, au wazao wao, na mapishi yanayosifiwa leo yalipita mikononi mwao bila majina yao kuandikwa popote. La Maison Arabe, iliyoanza kama mgahawa mwaka 1946 na kuwa hoteli mwaka 1998, ilijulikana kwa masomo ya upishi yanayofundishwa na madada. Kokote mtakakokula, ulizeni ni nani aliyepika, na ombeni kumshukuru kwa mkono.

Bei zinatisha. Kuna njia ya heshima ya kuzipunguza? (Msomaji, Kampala)

Ipo. Kula mchana katikati ya wiki, maana jiko ni lile lile na bei ya orodha ya mchana huwa chini sana. Lala usiku mmoja badala ya mitatu. Wapishi wakubwa wengi pia wana mgahawa mdogo jirani. Pale Valence, Anne-Sophie Pic ana André, wenye jina la babu yake. Ufaransa huduma imo ndani ya bei kwa sheria, hivyo bakshishi ni hiari yako, ila kodi ya malazi ya kila mtu mzima kwa kila usiku huongezwa kwenye bili.

Mimi na mke wangu tunatimiza miaka 40 ya ndoa. Magoti yetu hayapendi ngazi, na hatutaki wahudumu wanaotuzunguka. Tunafikiria Hispania. (Mzee wa miaka 71, Moshi)

Shikamoo mzee wangu, na hongereni sana. Hispania ina Paradores, hoteli za serikali zilizoanza mwaka 1928 katika milima ya Gredos, na leo zimezidi 90, nyingi zikiwa ndani ya ngome, majumba ya kifalme na nyumba za watawa. Si ndogo zote, na meza zao hupika vyakula vya mkoa husika kwa uaminifu kuliko kutafuta nyota, jambo ambalo nadhani litawafaa ninyi zaidi. Kwa miaka 40 ya ndoa ningewapeleka Granada, kwenye nyumba ya watawa ya zamani ya Mtakatifu Fransisko, ndani kabisa ya Alhambra, ngome na majumba ya wafalme wa Kiislamu wa ukoo wa Nasrid. Malkia Isabel na Mfalme Fernando walizikwa humo kwanza, hadi miili yao ilipohamishwa mwaka 1521.

Hoteli hiyo hujaa mapema, basi andikeni miezi mingi kabla, mkitaja magoti na kuomba chumba kisicho na ngazi njiani, kuanzia mapokezi hadi mezani. Wahispania hula usiku sana, wengine saa tatu au nne, kwa hiyo fanyeni chakula cha mchana kuwa ndicho karamu yenu. Jioni, watalii wa mchana wakishaondoka, mtatembea polepole kwenye njia za nje karibu na hoteli mkiwa karibu peke yenu. Tiketi za majumba ya Nasrid hazimo katika bei ya chumba. Nunueni mapema kwa majina yaliyo kwenye pasipoti, na chagueni za asubuhi, kabla jua halijawa kali.