Peasi langu na usiku wa mwezi mpevu

Juzi msomaji mmoja, binti aliyefika Guangzhou, China, kusoma, kaniandikia: "Kaka, mwalimu wangu kanialika kwake Sikukuu ya Mwezi. Niende na nini?"

Mdogo wangu, nenda na chochote, ila peasi usilikate.

Mimi yalinikuta Septemba 2019, mwaka wangu wa kwanza. Sikukuu huangukia siku ya 15 ya mwezi wa nane kwa kalenda ya Kichina, mwezi ukiwa mpevu, na mwaka ule ilikuwa tarehe 13. Mama mwenye nyumba alinialika. Nikabeba mapeasi mazuri, ya bei. Tulipokwisha kula nikajifanya mwenyeji, nikashika kisu, nikakata moja vipande sita na kuanza kugawa. Meza ikanyamaza. Bibi akakirudisha chake kwa ncha ya kidole, kama anasukuma mende. Mjukuu ndiye aliyenieleza, huku akicheka: kwa Kichina kugawana peasi ni fenli, na kutengana pia ni fenli. Usiku ambao watu wamesafiri ili wakae pamoja, mimi nawapakulia utengano! Muda si mrefu wakaikata keki ya mwezi vipande sita, kwa furaha. Keki inakatwa, peasi halikatwi. Kicheko kile bado nakisikia.

Sikukuu iliyofuata nilifika siku tatu kabla, nikaingia jikoni moja kwa moja. Hapo ndipo nilipopata heshima. Ngozi ya keki ni unga, shira na mafuta ya karanga. Ndani ni mbegu za yungiyungi zilizopondwa na sukari, katikati kiini cha yai la bata lililokaa kwenye chumvi, chekundu kama mwezi unaochomoza. Unashindilia kwenye kibao cha kuchonga, unagonga mezani, pa! Zangu za kwanza ziling'ang'ania kibaoni. Zikitoka kuokwa ni ngumu. Zinaachwa siku mbili tatu, mafuta yapande, ngozi ilainike na kung'aa. Usizionje siku hiyohiyo ukasema umeharibu.

Taa tulitengeneza kwa balungi: unakata kichwa, unatoa nyama, unatoboa macho, mshumaa ndani, kamba juu. Yangu iliungua upande mmoja, nyumba nzima ikanuka ganda.

Kwa hiyo fika mapema, uliza, saidia. Keki moja ni ya watu wengi, si andazi. Kula kipande na chai isiyo na sukari. Muislamu aulize kwanza, nyingine zina mafuta ya nguruwe. Na tuache kujifanya tunajua, jamani. Tunavuka bahari kwenda kusoma, halafu kuuliza swali moja mezani tunaona aibu. Uliza!

Siku hizi pale nyumbani kisu cha balungi nashika mimi. Matunda mengine bado hawanitumi.