Jibu: Flaiwili nyepesi ya Nissan 350Z, alumini au chuma?

Mkuu, kama gari ni ya foleni za kila siku, chukua flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini ambalo klachi hushikia) ya chuma cha kromoli, yaani chuma kilichochanganywa kromu na molibdeni. Ya alumini ni nyepesi zaidi, kwa hiyo huzimisha gari ovyo ukiondoka, hasa mlimani. Nguvu haiongezeki; injini inapandisha mizunguko haraka tu, utaisikia zaidi gia ya 1 na ya 2.

Flaiwili ya kiwandani ina vipande viwili na springi katikati zinazomeza mtikisiko. Ukiweka ya kipande kimoja, diski ya klachi lazima iwe na springi, na bado giaboksi itagongagonga ikiwa nyutro. Si ubovu huo.

Bolti za flaiwili ziwe mpya, na sili ya nyuma ya krenkishafti (shafti kuu ya injini) badilisha hapohapo. Futa mafuta ya kuzuia kutu yaliyo kwenye flaiwili mpya kwa dawa ya kusafishia breki, la sivyo klachi itateleza. Fundi akitaka kuichonga ya zamani kwenye lethi (mashine ya kuchongea vyuma) ili iwe nyepesi, kataa: ikipasuka, vipande vinatoboa nyumba ya giaboksi.