Sintesaiza ikileta vituko, anza na noti

Sintesaiza ya kompyuta, yaani programu inayotengeneza sauti za ala, ikianza vituko katikati ya kurekodi, prodyuza mgeni hukimbilia kuifuta na kuisakinisha upya. Muda unapotea, na mara nyingi tatizo linabaki palepale kwa sababu halikuwa ndani ya sintesaiza. Kabla hujagusa kitu, elewa kwamba unapopiga kinanda cha MIDI, kinachorekodiwa si sauti. Unarekodi maagizo: noti ipi, imebonyezwa kwa nguvu gani, imeachiwa lini. Sauti yenyewe plagini, yaani hiyo sintesaiza inayokaa ndani ya programu yako ya kurekodi, huitengeneza upya kila unapocheza wimbo. Kwa hiyo swali la kwanza ni moja tu: ubovu umeandikwa kwenye noti, au unazaliwa plagini inapozisoma?

Jibu hupatikana haraka. Fungua trak mpya, weka sintesaiza nyingine, hata ile nyepesi iliyokuja na programu, kisha nakili noti zilezile uziweke huko. Ubovu ukihama nazo, kosa limo kwenye maagizo. Ukibaki kule ulikotoka, chunguza plagini na mipangilio yake. Fanya hivi hata kama msanii amekaa kwenye kochi anasubiri kuingiza sauti.

Tuanze na noti isiyokubali kunyamaza. Umesimamisha wimbo, kodi (noti kadhaa zilizopigwa pamoja) bado inalia. Katika FL Studio bonyeza Ctrl na H, itanyamaza. Programu nyingine nazo zina amri ya kuzima noti zote. Lakini hapo umezima tu, hujatibu. Fungua dirisha la noti, shuka chini kwenye mistari ya vidhibiti, tafuta namba 64. Hiyo ndiyo pedali ya kushikilia sauti: thamani kuanzia 64 hadi 127 maana yake imekanyagwa, 0 hadi 63 imeachiwa. Ukisimamisha kurekodi mguu ukiwa bado kwenye pedali, agizo la kuachia haliandikwi popote, na plagini inashikilia kama ilivyoambiwa. Andika 0 pale kodi inapotakiwa kuisha, yamekwisha. Na kama pedali inafanya kazi kinyume, yaani sauti inashika ukiinua mguu, zima kinanda, toa mguu kabisa, kisha kiwashe tena. Vinanda vingi hupima pedali wakati wa kuwaka.

Sauti ikiwa na mwangwi wa ajabu, kama imepita kwenye bomba, kuza dirisha la noti uone kama kila noti imelaliwa na pacha wake. Vinanda vingi vya USB hujitambulisha kwa milango miwili, na programu iliyoachwa isikilize milango yote hupokea kila noti mara mbili. Chagua mlango mmoja. Kama ni kinanda chenye sauti zake mwenyewe, na unazisikia pamoja na za plagini, zima Local Control kwenye menyu yake, ili vibonye visiamshe sauti za ndani.

Kuchelewa ndiko kunakowakatisha tamaa wengi, na hapa hesabu inasaidia kuliko kubahatisha. Bafa ni kipande cha sauti ambacho kompyuta hukikusanya kabla ya kukitoa, na hupimwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vidogo vya sauti. Bafa ya sampuli 1024 kwa kasi ya 44,100 kwa sekunde inachelewesha sauti kwa milisekunde 23 hivi, upande wa kutoka peke yake. Bafa ya 128 inachelewesha chini ya milisekunde 3. Kwenye wimbo wa taratibu unaweza kuvumilia hizo 23. Sasa chukua singeli ya mapigo 240 kwa dakika: pigo moja ni milisekunde 250, robo ya pigo ni 62.5. Umechelewa zaidi ya theluthi moja ya nafasi iliyopo kati ya noti na noti! Hakuna kidole kinachoweza kupiga vizuri hapo, basi usijilaumu kwamba hujui kinanda. Shusha bafa wakati wa kurekodi, na kama uko Windows tumia draiva ya ASIO ya kadi yako ya sauti, yaani programu inayopitisha sauti kwa njia ya haraka. Kama huna kadi, ASIO4ALL mara nyingi inasaidia.

Umeshusha bafa na bado sauti inachelewa? Angalia masta, njia ya mwisho ambako trak zote hukutana. Limita (kizuizi cha vilele vya sauti) inayochungulia mbele na ikwalaiza (kirekebishi cha besi na sauti za juu) ya fezi mstari huhitaji muda wa kusoma sauti kabla ya kuitoa, na kwa kuwa kila trak hupitia hapo, zote huchelewa. Zizime mpaka umalize kurekodi. Mimi naona masta isiwekewe kitu mpaka biti ikamilike.

Mikwaruzo ni upande wa pili wa bafa ndogo: prosesa imezidiwa. Punguza idadi ya sauti ambazo sintesaiza inaruhusiwa kutoa kwa pamoja, au igandishe trak iliyokamilika, yaani igeuze kwa muda kuwa sauti iliyokwisha tengenezwa. Na umeme ukikatika laptop ikahamia kwenye betri, mara nyingi kompyuta hupunguza kasi yake yenyewe. Mradi uliokuwa laini sasa unakwaruza bila wewe kubadili chochote.

Kuna jambo moja wengi hudhani masikio yao yanawadanganya. Besi inapiga nene mara hii, ukirudia imekonda, na noti hazijaguswa. Ni kweli imebadilika. Osileta, yaani vyanzo vya wimbi la sauti, za sintesaiza nyingi huanzia sehemu tofauti ya wimbi kila noti inapopigwa. Besi ikigongana na kiki, ile ngoma nzito ya chini, nguvu inaliwa. Sintesaiza za Vital na Serum zina kidhibiti cha mahali fezi, yaani sehemu ya wimbi, inapoanzia na kingine cha kuitawanya ovyo. Kwa besi, shusha huo mtawanyiko hadi sifuri, kisha tafuta mwanzo unaokaa vizuri na kiki. Kwa pedi ndefu, zile sauti laini za nyuma, uache, unaipa uhai.

Kidhibiti kinachorudi chenyewe kila ukikisogeza kina otomesheni, yaani mwendo wa kidhibiti hicho, uliyoirekodi bila kujua. Ifute.

Ukipata mpigo unaoupenda, utoe kuwa faili ya WAV siku hiyohiyo, trak ya noti uihifadhi ikiwa imezimwa. Anayemalizia miksi kwenye kompyuta nyingine huenda hana plagini yako, wala toleo lako.