Daktari, kinga ya mwanangu inakula chembe zake?

Shikamoo daktari. Mwanangu ana vidoa vyekundu miguuni, fizi zinatoka damu, chembe sahani ni 18,000. Nimeambiwa kinga yake mwenyewe inazila. Hakuna kipimo cha kuthibitisha? Mama, Igoma

Marahaba, mama. Kipo, ila usihangaike kukisaka. Chembe sahani ndizo zinazoziba mshipa ukijeruhiwa. Kawaida ni 150,000 hadi 450,000 kwa mikrolita. Mwili ukikosea, hutengeneza kingamwili, yaani protini za kinga, za kuzinasa, na bandama huzimeza zikiwa zimenaswa hivyo.

Kipimo cha zamani kilihesabu kingamwili zote zilizo kwenye chembe. Tatizo, chembe sahani hubeba kingamwili hata kwa mtu asiyeumwa, na kiwango hupanda kwa maradhi yasiyohusu kinga. Ni sawa na kupima dagaa pale soko la Mwaloni pamoja na mchanga wake. Vipimo vya baadaye, kama MAIPA ya mwaka 1987, hukamata protini fulani za chembe na kuangalia kama kingamwili imenata hapo hapo. Kipimo kikiiona, jibu lina uzito. Kisipoiona, usifurahi mapema: kipimo huwakosa karibu nusu ya wagonjwa wa aina hii. Ndiyo maana daktari huamua kwa dalili, hesabu ya chembe na kuondoa sababu nyingine. Asipewe aspirini wala diklofenaki. Akiumia kichwa, au kikimuuma sana, mkimbize hospitali, hata usiku.

Mimi ni mvuvi Ukerewe. Chembe sahani 70,000, sitoki damu popote. Nipime kingamwili?

Kaka, anza na tumbo. Kichocho cha ziwani huharibu mishipa ya ini, damu ikarudi nyuma, bandama ikavimba. Bandama ya kawaida hushika theluthi moja ya chembe sahani. Iliyovimba inaweza kushika hadi asilimia 90. Kinga haijala kitu, zimefungiwa tu. Pima choo, piga ultrasaundi, pima malaria, VVU na homa ya ini.

Jana chembe sahani 40,000, leo kituo kingine 210,000. Nani mwongo?

Huenda hakuna. Dawa ya kuzuia damu isigande, ile ya kichupa cha kifuniko cha zambarau, hufanya chembe za baadhi ya watu zishikamane, na mashine ikahesabu fungu zima kama kitu kimoja au isilihesabu kabisa. Omba damu itazamwe kwa darubini, au ichukuliwe kwenye kichupa cha sitrati, dawa nyingine ya kuzuia damu isigande.