Fizikia Inayoanzia Ufukweni: Ushauri kwa Walimu wa Sekondari na Vyuo Vikuu

Kila mtaala unapoboreshwa, mjadala wetu walimu hugeuka haraka kuwa wa orodha ya mada: ipi iongezwe, ipi iondolewe, ipi ihamishwe kutoka kidato cha tatu kwenda cha nne. Nimefundisha Fizikia katika shule za sekondari za Lindi na Mtwara, na baadaye nikawaandaa walimu tarajali wanaokwenda kuifundisha, na ushauri wangu ni kwamba kuna jambo la kushughulikia kabla ya orodha hiyo. Chagueni jambo moja linaloonekana na kupimika mahali mlipo, kisha mlirudie katika kila ngazi, kila mara kwa kina zaidi, tangu kidato cha kwanza hadi mwaka wa kwanza wa chuo kikuu.

Mitaala iliyoanza kutekelezwa Januari 2024 inasisitiza umahiri, yaani mwanafunzi aweze kutenda na si kukariri tu. Msisitizo huo ulikuwamo pia katika mtaala wa sekondari wa mwaka 2005. Kilichopungua, kwa niliyoyaona madarasani, ni nafasi ya mwanafunzi kupima kitu ambacho jibu lake halijaandikwa tayari kwenye kitabu.

Kwa sisi wa pwani, jambo hilo ni maji kupwa na maji kujaa. Mtoto wa Mikindani, Msimbati au Kilwa Masoko anafika sekondari akiwa anajua kwamba maji hujaa mara mbili kwa siku, kwamba bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na kwamba siku za maji mafu, yaani maji yasiyopwa sana, hazimfai anayetafuta pweza miambani. Hayo ameyapata kwa mama yake na kwa wajomba zake wavuvi, na ni maarifa ya kweli kabisa, ila shule haijamuuliza.

Katika kidato cha kwanza msiseme neno lolote kuhusu mvutano wa Mwezi na Jua. Tafuteni mwanzi mrefu, upakeni alama za rangi kila baada ya sentimita 10, ufungeni kwenye nguzo ya gati, na wanafunzi wasome kimo cha maji kila nusu saa. Makundi mawili yatakayosoma mwanzi uleule kwa wakati uleule yatapata tarakimu tofauti, kwa sababu mawimbi hayatulii. Hapo ndipo somo la kosa la kipimo na maana ya wastani linapojifundisha lenyewe, tena kwa nguvu kuliko maelezo yoyote ya ubaoni. Wakishachora grafu wataona mstari unaopanda na kushuka kwa utaratibu, wenye kilele kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, na watagundua kwamba maji ya kesho yanachelewa kwa karibu dakika 50 kuliko ya leo.

Dakika 50 hizo ni mali ya kidato cha tatu. Mwezi huandama tena baada ya siku 29 na nusu hivi. Gawanyeni dakika 1,440 za siku nzima kwa 29.5 na mtapata karibu 49. Nimeshuhudia darasa likinyamaza kisha likaanza kubishana kwa Kiswahili, na huko nyuma kwa Kimakonde, mpaka likakubaliana kwamba Mwezi unasogea kwenye njia yake wakati Dunia inajizungusha, hivyo Dunia inalazimika kuzunguka kidogo zaidi ili kuufikia. Waacheni wabishane kwa lugha wanayoimudu. Kiingereza cha mtihani kitaandikwa baada ya wazo kueleweka.

Katika kidato cha tano na cha sita, kanuni ya mvutano ya Newton inapofika, wapeni swali gumu. Jua huivuta Dunia kwa kani iliyo karibu mara 180 ya ile ya Mwezi, na hata hivyo mchango wa Jua katika kuyainua maji ni chini ya nusu ya ule wa Mwezi. Inawezekanaje? Mwanafunzi anayetegemea kukariri hataona mlango, lakini aliyezoea kupima ataanza kufikiri kuhusu tofauti ya mvutano kati ya upande mmoja wa Dunia na mwingine. Chuo kikuu ndicho kinachomalizia hoja hiyo kwa unyambuaji, yaani hesabu za kasi ya badiliko: kani hupungua kwa mraba wa umbali, tofauti yake hupungua kwa mchemraba wa umbali, na Jua liko mbali mno. Baada ya hapo mhadhiri anaweza kuchukua vipimo vya gatini na kuvichambua kwa njia ya Fourier, ili wanafunzi waone mawimbi mengi yaliyofichwa ndani ya grafu moja.

Walimu wa Newala na Tandahimba wataniuliza bahari wataitoa wapi. Hawaihitaji. Juu ya uwanda wa Makonde maji ya bomba husukumwa kwa pampu kutoka chini, na ndani ya kazi hiyo mna Fizikia ya kutosha miaka yote. Ndoo ya lita 20 ina uzito wa nyutoni 196, bila kuhesabu ndoo yenyewe. Kila mita 10 za kimo huongeza kanieneo ya kilopaskali 98 ambayo pampu inapaswa kuishinda. Kuinua lita 1,000 kwa mita 100 kunahitaji kilojuli 980, yaani uniti 0.27 za umeme kabla ya kuhesabu upotevu, na upotevu huo ndio somo la chuo kikuu. Walio jirani na kiwanda cha kuchakata gesi cha Madimba wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa gesi na kanuni ya Boyle, inayohusisha kanieneo ya gesi na ujazo wake.

Kwa wahadhiri nina ombi mahususi. Msidhani kwamba aliyefaulu kidato cha sita ameelewa. Mwaka 1998 mwanafizikia Richard Hake wa Marekani alichapisha uchambuzi wa wanafunzi 6,542 waliopimwa uelewa wa mekanika kabla na baada ya kozi: waliofundishwa kwa mihadhara ya kawaida walipata wastani wa asilimia 23 tu ya maendeleo waliyoweza kuyapata, na walioshirikishwa kwa kujadiliana na kutenda walipata asilimia 48. Jaribio fupi la dhana katika wiki ya kwanza halina gharama, na litawaambia mwanzie wapi.

Shule na chuo kikuu vikizungumza, sayansi yenyewe hunufaika. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa maziwa ya moto ukiganda kwenye friza kabla ya ule uliopoozwa. Swali lake lilidharauliwa darasani mpaka alipomuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa Dar es Salaam, ambaye alikubali kulipima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na wanafizikia wanaijadili hadi leo.

Najua hofu ya muda na mtihani ni ya kweli. Kazi ya mwanzi huchukua Jumamosi, si vipindi, na mwanafunzi aliyechora grafu ya vipimo vyake mwenyewe hatishwi na pendulamu au springi katika mtihani wa vitendo. Iandikeni mapema kwenye azimio la kazi, na Taasisi ya Elimu Tanzania inapokusanya maoni, pelekeni grafu za wanafunzi pamoja na maoni yenu.

Anzeni siku ya bamvua, karibu na mwezi kuandama, maana tofauti ya vimo ni kubwa na hata kipimo chenye kasoro kitaionyesha. Wasomaji wabaki juu ya gati, pamoja na mtu mzima anayeijua bahari. Baada ya wiki moja, katika maji mafu, rudieni kwa mwanzi uleule na mchore mistari yote miwili kwenye karatasi moja. Karatasi hiyo itunzwe maabara, kwa sababu darasa hilo litaihitaji litakapofika kwenye mada ya mvutano.